Kifaru Kilichopelekwa Kongwa Kulima Karanga

Leo nimekusudia tuzungumze habari za magari ya vita, hasa vifaru, vile vya chuma vyenye mzinga juu na minyororo chini. Katika vifaru vyote nimechagua kimoja kiitwacho Sherman, kwa sababu kilitufikia. Kilitengenezwa Marekani, Waingereza wakapigana nacho, na vita vilipokwisha kikavuliwa mzinga wake, kikapewa jina jipya, kikaletwa Tanganyika kulima karanga. Wasikilizaji wa Kongwa na Mpwapwa mmeshajua ninakoelekea.

Lakini hatuwezi kufika Kongwa bila kupitia Dunkirk.

Mwishoni mwa Mei 1940, katika vita kuu ya pili, jeshi la Uingereza lilibanwa ufukweni pale Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa. Wajerumani nyuma, bahari mbele. Kwa muda wa siku tisa hivi manowari, feri na mashua za watu binafsi zilivusha askari zaidi ya 338,000, Waingereza, Wafaransa na wengineo. Watu waliokolewa, magari hayakuokolewa. Waingereza waliacha nyuma magari zaidi ya 60,000, mizinga zaidi ya 2,400, na pikipiki kiasi cha 20,000.

Madereva waliamriwa wayaue magari yao kwa mikono yao. Wewe uliye dereva au fundi wa gereji utaelewa uchungu wa kazi ile. Unaingia chini ya lori, unafungua nati, unamwaga oili yote mchangani. Unafungua rejeta, unamwaga maji. Halafu unapanda, unawasha, unakanyaga mafuta mpaka mwisho na kusubiri. Injini inaunguruma bila mzigo na bila kilainisho. Pistoni zinapata moto, zinavimba, zinakwaruza kuta za silinda, sauti inageuka kuwa ya chuma kikavu, kisha kila kitu kinakwama kwa mara moja. Injini ile haitazunguka tena. Mengine yalipigwa nyundo, yakapasuliwa matairi. Na yapo malori yaliyopewa kazi ya mwisho: maji yalipokupwa yaliendeshwa hadi baharini na kupangwa mstari mmoja, yakatobolewa matairi, yakawekewa mbao juu, na maji yalipojaa askari wakapita juu yake kama gati kuzifikia mashua.

Kwa maoni yangu, lori lililokuwa gati lilimaliza utumishi wake kwa heshima kuliko mengi yaliyobaki mazima. Wajerumani waliokota kila kilichonusurika nyundo, wakakipaka rangi yao na kukitumia kwenye mapigano yao wenyewe.

Askari aliyevuka alirudi na bunduki yake, kama hakuipoteza majini. Bunduki hiyo ilikuwa Lee-Enfield, ambayo asili yake ni mwishoni mwa karne ya 19. Ni bunduki ya komeo. Kwa kila risasi unainua mkono wa komeo, unauvuta nyuma, ganda tupu linaruka, unausukuma mbele, risasi mpya inaingia. Kasha lake lilibeba risasi kumi, na ulizipakia tanotano kwa kibanio cha bati. Yanasikika kama mambo mengi, lakini askari aliyefundishwa vizuri aliyafanya haraka mno. Karibu naye alikuwapo mwenzake mwenye Bren, bunduki ya rasharasha yenye kasha lililopinda linaloingia kwa juu, uzito wake kiasi cha kilo kumi. Kundi zima liliishi kwa ajili ya Bren ile. Wenye bunduki za kawaida walibeba mifukoni makasha yake, kwa kuwa moto wake ndio uliowapa nafasi ya kusogea.

Baada ya Dunkirk silaha zilikuwa haba, na Waingereza wakabuni Sten mwaka 1941. Hii iliundwa kwa bomba la chuma na vipande vya bati vilivyogongwa kwa mashine, kazi iliyowezekana hata katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Zilitoka kwa mamilioni, kwa bei ya pauni chache kila moja. Askari waliiogopa kidogo, maana ikiangushwa ikiwa imejazwa iliweza kulia yenyewe. Lakini ilifanya kilichotakiwa: kuwapa watu silaha mikononi upesi, kwa muda ule wa shida.

Naomba hilo uliweke akilini, msikilizaji. Sten ilitengenezwa kwa ajili ya muda mfupi na Lee-Enfield ilitengenezwa ikae. Ndiyo maana askari wa doria wa kaskazini mwa Kanada, wale wanaolinda barafu, walikuwa bado wanaibeba Lee-Enfield hadi miaka ya 2010. Chombo cha vita kina umri kiliopangiwa na kazi kiliyopangiwa. Ukikibadilishia kazi, huo umri unabaki palepale. Kongwa ilikuja kulilipia jambo hili kwa fedha na kwa jasho.

Bunduki hizohizo, Lee-Enfield na Bren, ndizo walizobeba askari wetu wa Keya, jeshi la King's African Rifles. Kutoka Tanganyika peke yake walichukuliwa watu zaidi ya 80,000 katika vita ile, wengine kwa hiari, wengine kwa kushurutishwa na serikali ya kikoloni kupitia machifu. Walipigana Somalia na Abesinia mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Burma. Huko waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali, katika barabara iliyogeuka tope, magari yakivutwa kwa kamba na kusukumwa kwa mabega. Desemba ya mwaka ule mto Chindwin ulitandazwa daraja la vyuma la zaidi ya mita 300 pale Kalewa, na magari ya jeshi yakavuka.

Wengi wa vijana hao hawakuwa wamewahi kushika usukani kabla ya vita. Jeshi liliwafundisha udereva, ufundi wa injini, uchomeleaji, simu za upepo. Waliendesha malori usiku bila taa, milimani, mvuani. Walipoagwa mwaka 1945 na 1946 walirudi vijijini na ujuzi ambao koloni halikuwa na mahali pa kuuweka. Hata kiinua mgongo chao kilipangwa kwa rangi ya ngozi, mweusi akipata sehemu ndogo ya alichopata mzungu wa cheo kilekile. Hili halijanitoka moyoni tangu nilipolisoma, na sioni sababu linitoke.

Sasa turudi kwa Sherman.

Juni 1942 Tobruk, kule Libya, iliangukia mikononi mwa Wajerumani, na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alipata habari hiyo akiwa Washington. Rais Roosevelt akaahidi kutuma vifaru vipya 300 aina ya Sherman. Vilifika Misri kwa meli, na usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 vilikuwa katika mstari wa mbele pale El Alamein. Sherman kilikuwa na tani 30 hivi na watu watano ndani. Injini ilikaa nyuma, gia zilikaa mbele, na katikati palipita shafti ndefu chini ya miguu ya askari. Hakikuwa kifaru chenye deraya nene kuliko vyote, lakini kilikuwa na sifa ambayo madereva waliipenda, ya kuwaka kila asubuhi. Na spea zake zilikuwapo, kwa sababu Wamarekani walitengeneza karibu 50,000, na Waingereza wakapewa zaidi ya 17,000.

Lakini vitu hivyo havikuwa mali ya Waingereza moja kwa moja. Vilitolewa kwa mpango wa kukopeshana silaha, na amani ilipokuja Marekani ilitaka hesabu. Mwaka 1946 Uingereza ikaingia mkopo mkubwa, na sehemu yake ilikuwa ni kumaliza hesabu za vifaa vya vita vilivyobaki mikononi mwake. Deni hilo lilimalizika kulipwa Desemba 2006. Kwa hiyo askari wengi waliowahi kuviendesha vifaru vile walikuwa wamekwisha kuzikwa wakati malipo ya mwisho yanafanyika.

Kule Uingereza magari ya jeshi yalijazana viwanjani, mistari hadi upeo wa macho. Mengine yalikatwa kwa moto wa gesi na kuyeyushwa. Mengine yalipigwa mnada, wakulima wakanunua malori ya kubebea maziwa na nyasi. Mengine hayakuwahi kurudi kutoka yalikokuwa. Chini ya ghuba ya Studland, kusini mwa Uingereza, vimo hadi leo vifaru aina ya Valentine vilivyovalishwa turubai ili vielee. Vilizama mazoezini Aprili 1944 pamoja na askari sita, wiki chache kabla ya kuvuka kwenda Normandy. Serikali ya Uingereza imeviwekea ulinzi wa kisheria kama mabaki ya kihistoria. Na kuna lori moja la Chevrolet la kikosi cha doria za mbali za jangwani, lililoachwa katika mchanga wa Libya, likachukuliwa mwaka 1980 na kupelekwa makumbusho ya vita ya London, ambako liliachwa na kutu yake vilevile. Napenda uamuzi huo. Lingepakwa rangi lingekuwa zuri, lakini lisingesema lilikotoka.

Vita vilikwisha, njaa haikwisha. Mkate, ambao Waingereza hawakupimiwa wakati wa mabomu, ulianza kugawiwa kwa kadi Julai 1946. Mafuta ya kupikia yalikuwa haba kuliko mkate. Miezi michache kabla ya hapo, bwana mmoja aitwaye Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alikuwa amepita Tanganyika na kuona mapori. Akawaza karanga, kwani karanga zinatoa mafuta. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Ripoti ikasema ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe kwa mashine, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa pauni milioni 25 katika miaka sita. Waziri wa Chakula, John Strachey, akakubali. Kongwa ikachaguliwa iwe ya kwanza. Urambo na Nachingwea zikafuata.

Kongwa haikuwa pori tupu. Ni Ugogo, nchi ya wafugaji na wakulima wanaosoma mvua kila mwaka na kujua kwamba mvua huweza isije. Kizazi kimoja tu nyuma, mwishoni mwa vita kuu ya kwanza na baada yake, Ugogo ulipata njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua iliposhindikana watu walikufa maelfu kwa maelfu. Wazee waliokuwa hai mwaka 1947 walikuwa na kumbukumbu hiyo mwilini. Wangeulizwa wangesema kuhusu mvua, kuhusu udongo unaokuwa laini masika na mgumu kama saruji kiangazi, kuhusu mibuyu yenye nyuki na mibuyu ya matambiko. Wataalamu walikuwa na haraka.

Haraka hiyo ilikuwa ya kijeshi. Serikali ya London ililiita kwa fahari jeshi la karanga, na askari wa zamani walioomba kujiunga walikuwa wengi mno kuliko nafasi. Mkuu wa shughuli pale uwandani akawekwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi aliyekuwa Asia wakati wa vita. Nia zao sizidharau. Watu hawa walikuwa wametandika madaraja chini ya risasi na kujenga viwanja vya ndege kwa siku chache, na wengi waliamini kwa dhati kwamba nguvu iliyoshinda vita itashinda njaa. Lakini vitani ukipoteza theluthi ya magari na ukauteka mji, umefaulu. Shambani hesabu si hiyo.

Matingatinga mapya hayakupatikana. Viwanda vya Marekani na Uingereza vilikuwa na oda za miaka. Wanunuzi wakaenda mpaka Ufilipino, ambako jeshi la Marekani liliacha mashine kambini, wakakusanya matrekta na makatapila yaliyokwisha tumika. Mengi yalikuwa yamekaa mvuani, yamechoka, mengine yamenyofolewa spea. Yaliletwa bandarini Dar es Salaam, bandari iliyokuwa ndogo kwa mizigo ile, yakasubiri treni, na treni nazo zikakwamishwa na mafuriko yaliyobomoa reli. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma wakidai ujira, na mgomo ukafuata reli kwenda bara. Yaliyofika Kongwa yalianza kuharibika kabla ya msimu kuisha. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza mashine nyingi zaidi zilikuwa gereji kuliko shambani.

Hapo ndipo Sherman kikaitwa. Kampuni ya Vickers-Armstrongs, iliyotengeneza silaha kwa miongo, ilikuwa na viwanda vikubwa na oda za vita zimekatika. Wakachukua vifaru vya Sherman, wakaondoa mnara wa mzinga, wakavua deraya, wakaunda upya kiwiliwili kikawa wazi, dereva akikaa juu mahali pa kuona. Mashine ikapewa jina la Shervick, nusu Sherman nusu Vickers. Nia ilikuwa ing'oe miti, isukume visiki, ivute plau.

Nimewahi kuuliza mafundi wanaojua makatapila kwa nini jambo hili lilikuwa gumu, na majibu yao yanakubaliana. Kifaru kimetengenezwa kitembee. Kinakimbia, kinasimama, kinapiga, kinakimbia tena. Tingatinga limetengenezwa livute. Linakaa katika gia nzito saa kumi kwa siku, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likiwa na mzigo wake wote mgongoni muda wote. Gia za kifaru hazikupimiwa kazi hiyo. Upoozaji wake haukupimiwa injini inayohema bila kupumzika katika jua la Kongwa. Vitani kifaru hakitazamiwi kuishi miaka. Kinatazamiwa kivuke jangwa au Normandy, na nyuma yake kina msururu wa malori ya spea na mafundi. Kongwa msururu huo haukuwapo. Halafu kuna udongo wenyewe, uliojaa mchanga mkali wa mawe meupe. Unaingia katikati ya pini na bushi za mnyororo na kuzisaga kila hatua. Uliyala hata majembe ya plau, ukiyapunguza ncha kwa kasi ambayo wakulima wa Ulaya hawakuwahi kuiona. Shervick hazikufikia matarajio, na hazikuuokoa mradi.

Njia iliyofanya kazi kuliko nyingine ilibuniwa palepale Kongwa. Walichukua mnyororo mzito wa nanga ya meli, wakafunga ncha moja kwa katapila huku na ncha ya pili kwa katapila kule, mashine mbili zikaenda sambamba na mnyororo ukiburuta katikati na kulaza vichaka. Katapila la tatu lilifuata nyuma kusukuma mti uliokaidi. Inasemekana oda ya kwanza ya minyororo ya nanga ilifutwa London, mtu mmoja ofisini akidhani ni mzaha, maana Kongwa iko mbali na bahari. Hebu ifikirie oda ile. Waliokuwa uwandani wamekwisha jifunza kwa kuitazama miti, na anayeshika kalamu yuko maelfu ya kilomita asiuone hata mti mmoja.

Na nani alikaa juu ya mashine hizo? Wengi walikuwa vijana wetu, na miongoni mwao waliotoka Keya, waliojifunzia usukani Nanyuki na Burma. Hawa ndio waliojua gari linaishi vipi mahali pasipo na duka la spea. Bonde la Kabaw liliwafundisha. Lakini walipangwa kama vibarua, chini ya wazungu ambao wengine hawakuwa wamewahi kuliona katapila kabla ya kushuka melini. Katika kumbukumbu za mradi zilizochapishwa utapata majina ya mawaziri, majenerali na wakurugenzi. Madereva wa Kiafrika wanatajwa kwa wingi tu, bila jina la mtu. Naona hasara hii ni kubwa kuliko ya pauni, kwa sababu pauni zilihesabiwa.

Kwa kweli zilihesabiwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufunga mpango ule mkubwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Karanga zilizovunwa miaka ya mwanzo zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa. Mtwara ilibaki na bandari ya mradi, ambayo hadi leo inapakia korosho. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960.

Usidhani, msikilizaji, kwamba kila gari la vita lililoletwa katika amani lilishindwa. Tazama palepale Ufilipino. Wamarekani walipoondoka, mafundi wa Manila walichukua jipu zilizoachwa, wakazirefusha mkia, wakatia viti viwili vinavyotazamana, wakaezeka paa, wakapaka rangi zote za furaha, na zikawa jeepney, usafiri wa umma wa taifa zima. Katika milima ya British Columbia, Kanada, wakata magogo walichukua kitako cha Sherman hikihiki, wakasimika juu yake mlingoti wa chuma wa kuvutia magogo kwa kebo. Kifaru kikafika mahali pa kazi kwa miguu yake, kisha kikasimama tuli kikibeba uzito. Kubeba uzito ndiyo kazi ambayo mifupa yake iliijua tangu kiwandani, kwa hiyo kilidumu miaka mingi.

Na kule Anglesey, Wales, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na jipu kuukuu la jeshi shambani kwake. Alilipenda, akaogopa siku litakapokosa spea. Akaamua kutengeneza lake. Jaribio la kwanza lilikalia fremu ya jipu. Chuma kilikuwa cha mgao, hivyo bodi ikawa ya aluminiamu. Rangi iliyopatikana ilikuwa ya kijani, masalia ya rangi iliyotumika katika ndege za kivita. Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa Amsterdam kwa jina la Land Rover. Sina haja ya kukueleza Land Rover ni nini. Wewe uliyepelekwa kliniki na moja, au uliyelisukuma matopeni Loliondo au Kilombero, unalijua kuliko mimi.

Jeepney, mlingoti wa Kanada na Land Rover, vyote vitatu vina jambo moja linalonivutia. Aliyekibadilisha chombo ndiye aliyekuwa na kazi mkononi. Fundi wa Manila alijua abiria wake wanakaa vipi. Mkata magogo aliujua mlima wake, na Wilks alikuwa na shamba. Shervick iliamuliwa na watu waliokuwa na vifaru vingi na hofu ya njaa kwao. Ningependa sana kujua dereva wa Kigogo aliyetoka Burma angeshauri nini kama wangemkalisha kitako, wakampa chai, wakamwuliza.

Mashamba yale hayakubaki bure. Nachingwea, shamba la mradi wa karanga lililoitwa namba 17 lilikuja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO ya Msumbiji, na Samora Machel alifundisha wapiganaji hapo. Kongwa, karibu na stesheni iliyoachwa ya reli ndogo iliyotoka Msagali, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru mahali mwaka 1964. Wakaja SWAPO kutoka Namibia, ANC kutoka Afrika Kusini, na wengine. Chris Hani wa ANC alikaa Kongwa. Sehemu ya kilichojengwa kwa ajili ya jeshi la karanga ikawapa kivuli askari wa jeshi jingine, wenye vita nyingine.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa wasikilizaji wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Chuma chakavu kina bei siku hizi na wanunuzi wanafika hadi vijijini na mizani zao. Ukiwa na kipande cha mnyororo wa kifaru kinachoshikilia lango, au kibao cha injini chenye namba, au pini nzito ambayo babu aliitumia kama nyundo, usikitoe kwa kilo kabla hujakipiga picha na kuandika kilipatikana shamba gani na nani alikileta nyumbani. Ukiweza, kipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya. Na kama babu au baba yako aliendesha mashine za mradi, tuandikie jina lake kamili, kijiji chake, na kama alipitia Keya, kikosi chake. Barua zote nitazisoma hewani, moja baada ya nyingine, kuanzia kipindi kijacho.